Baleti: Mtoto afunge virago akiwa na miaka mingapi?

Na MWANDISHI WETU

SAMAKI mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nasi wazazi tumeushika msemo huo kwa mikono miwili. Tunaukumbuka tunapompeleka mtoto madrasa au Shule ya Jumapili, tunapomfunza kuamkia wakubwa, na tunapomtafutia mwalimu wa hesabu wakati wa likizo. Lakini kuna fani moja ambamo msemo huo huchukuliwa neno kwa neno. Fani hiyo ni densi ya baleti, kwani huko kinachokunjwa si tabia ya mtoto peke yake, bali pia nyonga zake, magoti yake na nyayo zake.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, baleti ni densi ya jukwaani iliyolelewa katika makasri ya wafalme wa Ulaya. Husimulia hadithi nzima bila neno hata moja kutamkwa. Mchezaji hugeuza miguu yote miwili nje kuanzia kwenye nyonga, hunyoosha mgongo kama mlingoti, na msichana huvaa viatu vyenye ncha ngumu akasimama juu ya vidole vya miguu kana kwamba hana uzito wowote. Mtazamaji huona wepesi tu. Asichokiona ni miaka minane au kumi ya kazi ya sulubu iliyotangulia.

Kazi hiyo ianze lini? Kwa muda mrefu jibu la shule kubwa limekuwa moja: mtoto akiwa na miaka 10 au 11. Shule mashuhuri ya Vaganova, mjini St Petersburg nchini Urusi, huwapokea watoto wakiwa na umri wa miaka 10 hivi na kwa kawaida huwafunza kwa miaka minane. Shule ya Royal Ballet nchini Uingereza huwachukua wakiwa na miaka 11 katika jumba la White Lodge, lililo ndani ya bustani ya Richmond Park, London. Wengi wao hulala huko huko bwenini.

Katika miaka ya hivi karibuni jibu hilo limeanza kutiliwa shaka. Wanaolihoji ni madaktari wa michezo, wacheza densi waliostaafu, na wazazi waliowapokea watoto wao wakirudi nyumbani na majeraha ya mwili na ya moyo. Hawa hawasemi baleti ni mbaya. Wanauliza tu iwapo mtoto ambaye hajamaliza kurefuka, na ambaye hajui atapenda nini mwaka ujao, anapaswa kuukabidhi ujana wake wote kwa fani moja.

Mambo mawili, jina moja

Wengi wetu tunaposikia kwamba mtoto “ameanza baleti” tunachanganya mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo.

Jambo la kwanza ni kujifunza. Mtoto wa miaka sita au saba huenda darasani Jumamosi kwa saa moja, hujifunza kusikiliza muziki, kuruka na kutua bila kishindo, kusimama wima, kumtazama mwalimu na kungoja zamu yake. Akiwa na miaka tisa au kumi huenda mara mbili au tatu kwa juma. Jioni hurudi kwao, hula chakula cha mamake, hufanya kazi ya shule na kugombana na ndugu zake kama watoto wengine wote.

Jambo la pili ni kujitoa mzima. Hapo mtoto huchaguliwa katika usaili, hufunga virago na kuhamia shule ya bweni ya densi. Hufundishwa masomo ya kawaida kwa sehemu ya siku, na saa zilizobaki huwa za densi, siku tano au sita kwa juma. Rafiki zake wote ni wacheza densi na walimu wake wote humpima kwa kipimo kimoja. Katika nyingi ya shule hizi umekuwepo pia mtihani wa kila mwaka, ambapo mtoto anayeonekana kwamba umbo lake au maendeleo yake hayaridhishi huambiwa atafute shule nyingine.

Hakuna anayepinga jambo la kwanza. Ubishi wote ni juu ya la pili, nasi tukiyatenganisha mambo haya mawili tutaona kwamba mengi ya yanayosemwa kutetea mwanzo wa mapema yanahusu kujifunza tu, wala hayamlazimishi mtoto kuondoka kwao.

Umri huu ulitoka wapi?

Ni rahisi kudhani kwamba umri wa miaka 10 uliwekwa na wataalamu wa mwili baada ya utafiti mrefu. Historia inatuonyesha sababu nyingine.

Shule ya St Petersburg ilianzishwa mwaka wa 1738 na mwalimu Mfaransa, Jean-Baptiste Landé, kwa idhini ya Malkia Anna wa Urusi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana 12 na wasichana 12, watoto wa watumishi wa kasri. Mjini Moscow mafunzo yalianza mwaka wa 1773 katika nyumba ya mayatima. Watoto hao walichukuliwa wadogo kwa sababu walikuwa mikononi mwa dola au katika makao ya hisani, na hakukuwa na wazazi wenye uwezo wa kukataa.

Jijini Paris, ambako shule ya Opera ilianzishwa mwaka wa 1713, hali haikuwa tofauti sana katika karne ya 19. Wasichana wengi waliojazana katika madarasa yake walitoka katika familia maskini zilizohitaji senti chache walizolipwa. Mchongaji Edgar Degas alimchonga mmoja wao, Marie van Goethem, na mwaka wa 1881 akakionyesha hadharani kisanamu hicho cha msichana wa miaka 14 aliyeinua kidevu na kufunga mikono nyuma. Leo kisanamu hicho kinapendwa ulimwenguni kote. Marie mwenyewe, binti ya mfua nguo, alifutwa kazi na Opera mwaka uliofuata.

Kwa hivyo desturi ya kuwachukua watoto wadogo ilianza kwa sababu za umaskini na amri ya wafalme. Baadaye ilizoeleka, ikazaa wacheza densi wa ajabu, na kwa kuwa ilizaa matunda hakuna aliyeuliza kama matunda yale yale yangepatikana kwa njia nyingine. Wala haikuwekwa hesabu ya wale waliovunjika njiani.

Mwili unaporefuka

Sasa tusikilize upande wa tiba. Kwa wastani wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakikaribia miaka 12, nao wavulana wakikaribia 14. Katika kipindi hicho mtoto anaweza kuongeza sentimita nane au tisa kwa mwaka mmoja. Mifupa hurefuka kwanza, na uimara wake hufuata baadaye. Karibu na ncha za mifupa bado kuna sehemu laini za gegedu ambako mfupa hukulia, na sehemu hizo huumia upesi kuliko mfupa uliokomaa. Misuli nayo huvutwa na mifupa inayoitangulia, ikakaza. Mtoto aliyekuwa akisimama kwa mguu mmoja bila kutetereka huanza kupepesuka, asijue amekosea wapi.

Ukiitazama kalenda utaona tatizo lilipo. Msichana huingia shule ya bweni ya densi akiwa na miaka 10 au 11. Mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati mwili wake ni dhaifu kuliko wakati wowote mwingine, ndipo saa za mazoezi zinapoongezeka na ndipo anapoanza kusimama juu ya ncha za vidole. Mwili unaomba apunguze mwendo huku ratiba ikimwamuru aongeze.

Utafiti uliofanywa katika shule za baleti nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2014 uliwafuata wanafunzi 266 wa mafunzo ya muda wote kwa mwaka mmoja. Asilimia 76 kati yao waliumia angalau mara moja. Takriban robo tatu ya majeraha yote hayakutokana na kuanguka wala kugongana. Yalitokana na kutumia kiungo kile kile kupita kiasi, siku baada ya siku. Wanafunzi hao walikuwa wa umri wa miaka 15 na zaidi, yaani ndio waliokuwa wamevuka mchujo.

Kuna jambo jingine ambalo mama wengi watalielewa bila kuelezwa sana. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo ili abaki mwembamba anaweza kuchelewa kuvunja ungo, au hedhi yake ikakatika. Hilo si suala la uzazi tu. Homoni zinazokosekana ndizo zinazoimarisha mifupa katika miaka ya ujana, na mifupa isiyojengwa vyema wakati huo ni vigumu kuijenga baadaye. Ndiyo maana madaktari huziona nyufa ndogo ndogo katika nyayo na migongo ya wasichana ambao kwa macho ya kawaida wana afya ya kuonewa wivu.

Michezo mingine ilishtuka mapema

Baleti si fani pekee iliyokabiliwa na swali hili. Katika mchezo wa jimnastiki, ambako wasichana wadogo walikuwa wakipanda jukwaa la Olimpiki, shirikisho la kimataifa liliweka umri wa chini kabisa kuwa miaka 16 kuanzia mwaka wa 1997. Katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, kisa cha msichana Mrusi wa miaka 15, Kamila Valieva, katika Olimpiki ya Beijing ya 2022, kilileta kilio kikubwa hivi kwamba mwaka huo huo shirikisho la mchezo huo liliamua kuupandisha umri wa mashindano ya watu wazima hatua kwa hatua, kutoka 15 hadi 17.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilitoa mwongozo mwaka wa 2016. Kilishauri kwamba, kwa michezo mingi, mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja tu kabla ya kufikisha miaka 15 au 16. Watafiti wa jijini Chicago, waliowachunguza wanamichezo zaidi ya 1,000 wa umri wa miaka 7 hadi 18, walikuwa wamegundua mwaka wa 2015 kwamba mtoto ambaye saa zake za mazoezi kwa juma zinazidi umri wake kwa miaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuumia vibaya. Kwa kipimo hicho, mtoto wa miaka 11 asizidishe saa 11 kwa juma. Ni hesabu nyepesi ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya kwa vidole vyake.

Baleti haina shirikisho moja la kuiwekea sheria. Kila shule inajiamulia, na kila moja inachelea kwamba ikingoja, jirani yake atawanyakua watoto wenye vipaji.

Mbali na macho ya mzazi

Mwili ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu nani anamlinda mtoto anapokuwa mbali na kwao.

Mwaka wa 2019 shule ya baleti ya Opera ya Taifa jijini Vienna, Austria, ilijikuta kwenye kashfa baada ya gazeti moja la huko kufichua jinsi wanafunzi walivyokuwa wakitendewa. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikata kauli mwezi Desemba mwaka huo kwamba usalama wa watoto ulikuwa umehatarishwa, na kwamba walikuwa wameshauriwa hata wavute sigara ili wasinenepe. Mwaka wa 2020 madai ya kuwatesa wanafunzi yalizuka katika shule ya baleti ya serikali jijini Berlin, Ujerumani. Mwaka wa 2023 shirika la utangazaji la BBC liliwahoji wanafunzi wa zamani wa shule mbili kubwa za Uingereza, ambao walisimulia kwamba walikejeliwa kwa sababu ya maumbo yao hadi chakula kikawa adui yao.

Si kila shule iko hivyo, na si kila mwalimu mkali ni mkatili. Lakini mazingira yenyewe ni ya kutia hofu. Mtoto wa miaka 11 yuko mbali na wazazi. Ndoto yake yote imo mikononi mwa watu watatu au wanne. Anajua kwamba mwisho wa mwaka wao ndio watakaosema kama abaki au aende. Atawezaje kusema, “Mwalimu, goti langu linauma,” ilhali anaogopa goti hilo ndilo litakalomrudisha nyumbani? Kijana wa miaka 16 naye huogopa, lakini ana maneno ya kujitetea na anajua nambari ya simu ya mamake anaweza kuipiga lini. Huo ni ulinzi fulani.

Waliochelewa wakafika

Watetezi wa desturi ya zamani husema kwamba asiyeanza akiwa na miaka 10 amekwisha kuachwa na gari. Tuwatazame watu watatu.

Rudolf Nureyev, anayehesabiwa miongoni mwa wacheza baleti wakubwa kabisa wa karne ya 20, alizaliwa mwaka wa 1938 na kukulia mjini Ufa, katika familia iliyojua njaa. Alianza kufunzwa baleti akiwa na miaka 11 na bibi mmoja aliyekuwa mcheza densi zamani, akawa pia akicheza ngoma za kienyeji. Mlango wa shule kubwa ya Leningrad, ambayo ndiyo hiyo ya Vaganova, aliuingia mwaka wa 1955 akiwa na miaka 17. Alihitimu baada ya miaka mitatu tu.

Darcey Bussell wa Uingereza aliingia White Lodge akiwa na miaka 13, akawakuta wenzake wamemtangulia kwa miaka miwili. Mwaka wa 1989, akiwa na miaka 20, alipandishwa cheo kuwa mchezaji mkuu wa kundi la Royal Ballet.

Misty Copeland wa Marekani alishika mwamba wa mazoezi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13, katika klabu ya vijana mjini San Pedro, jimbo la California. Mwaka wa 2015 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, kundi alilodumu nalo hadi alipoliaga mwaka wa 2025.

Hata hivyo, tusiwasimulie hawa kama ngano za sungura. Copeland aliingia densi kwa kasi, akahamia kwa mwalimu wake, na mwaka wa 1998 mama na mwalimu wakafikishana mahakamani kuhusu malezi yake. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa hajavunja ungo akiwa na miaka 19, na kwamba uti wa mgongo wake ulipata ufa alipokuwa ndio kwanza ameingia kwenye kundi. Kwa hiyo kuchelewa kuanza si dawa ikiwa mtoto atakimbizwa ili afidie miaka aliyoikosa. Na wote watatu walikuwa na miili na vipaji vya nadra. Wanachothibitisha ni jambo moja tu: mlango haufungwi siku mtoto anapotimiza miaka 11.

Hoja za upande wa pili

Haki inatutaka tuwasikilize pia wanaosema desturi isiguswe, maana hoja zao si za mzaha.

Kwanza, maisha ya kazi katika baleti ni mafupi. Wacheza densi wa Opera ya Paris hustaafu wakiwa na miaka 42, na wengine wengi duniani hufungua njia mapema kuliko hapo. Makundi huajiri vijana wa miaka 18 au 19. Mashindano ya Lausanne nchini Uswisi, yanayowafungulia vijana milango ya shule na makundi makubwa, ni ya umri wa miaka 15 hadi 18. Anayejitoa mzima akiwa na miaka 16 ana muda mchache mno wa kuiva.

Pili, kuna mambo ambayo mwili mdogo huyapokea upesi. Walimu wengi wanaamini kwamba ule mgeuko wa miguu kutoka nyongani, pamoja na sikio la muziki, hufunzika vyema kabla ya kubalehe.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito zaidi, mtoto wa maskini hana anasa ya kungoja. Carlos Acosta alizaliwa jijini Havana, Kuba, mwaka wa 1973, mtoto wa dereva wa lori mwenye watoto 11. Babake alimwingiza shule ya baleti ya serikali akiwa na miaka tisa ili asipotelee mitaani, na kwa kuwa huko chakula kilikuwa cha bure. Mtoto alitaka kandanda, akatoroka madarasa, akafukuzwa, akapelekwa bwenini mkoani Pinar del Río. Mwaka wa 1990, akiwa na miaka 16, alishinda dhahabu ya Lausanne. Kama Kuba ingemwambia angoje hadi awe na miaka 15, nani angemlipia masomo ya jioni? Nani angempa nauli?

Hoja mbili za kwanza zinajibika. Mtoto anaweza kujengewa msingi wa nyonga na muziki kwa saa chache kwa juma huku akilala kwao. Hoja ya tatu inajibika tu ikiwa mtu atalipa. Shule au serikali inayosema “tutangoja hadi miaka 14 au 15” bila kugharimia mafunzo mazuri ya jioni karibu na makwao, itakuwa imewafungia milango watoto wa wanyonge na kuwaachia jukwaa wenye mali. Kungoja bila kusaidia ni dhuluma nyingine.

Hapa kwetu

Nchini Kenya hatuna shule ya bweni ya baleti kama hizo za Ulaya, na huenda hiyo ikawa heri kwetu. Watoto wetu wamelazimika kufuata njia hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Mtaani Kibera, jijini Nairobi, mwalimu Mike Wamaya amewafunza watoto baleti kupitia shirika la Anno's Africa katika vyumba vya kawaida vya madarasa, madawati yakiwa yamesogezwa ili pawe na nafasi. Kazi yake ilimfanya awe miongoni mwa walimu 10 walioingia fainali ya tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka wa 2017.

Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda karibu na Karen, alipata somo lake la kwanza akiwa na umri wa miaka 11 hivi, katika chumba cha shule ya umma kisichokuwa na kioo wala mwamba wa kushikilia. Aliendelea kufunzwa jijini Nairobi na mcheza densi wa zamani kutoka Marekani, Cooper Rust, wa Dance Centre Kenya. Alipokuwa na miaka 16 alikuwa akifanya mafunzo Marekani, na mwaka wa 2017 akaenda katika shule ya English National Ballet jijini London. Mwanzo wake ulikuwa wa mapema, lakini aliondoka nyumbani akiwa kijana anayejua anachokitaka.

Mfumo wetu mpya wa elimu nao umeelekea huko huko bila kukusudia baleti. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari 2026 walichagua mmoja kati ya mikondo mitatu, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hapo mtoto ana miaka 15 hivi. Taifa limekubali kwamba kabla ya umri huo ni mapema mno kumwambia mtoto wewe ni wa hesabu na wewe ni wa jukwaani. Itategemea sasa kama shule za mkondo huo zitapata walimu wa densi, sakafu zisizoumiza magoti, na mtu wa kutibu kifundo kilichoteguka.

Mzazi aulize nini?

Ikiwa binti yako au mwanao anaipenda densi hii, usimnyime. Mwache aanze mapema, karibu na nyumbani. Lakini siku utakapoambiwa ana kipawa na kuna nafasi mbali, usitie sahihi kwa furaha peke yake.

Uliza atafanya mazoezi saa ngapi kwa juma, kisha ulinganishe na umri wake. Uliza watampunguzia kazi namna gani atakapoanza kurefuka. Uliza nani huamua kwamba msichana yuko tayari kuvaa viatu vya ncha, na kama anapimwa nguvu za miguu au huangaliwa tu tarehe ya kuzaliwa. Uliza kama kuna daktari, na kama mtoto anaweza kumwona bila kupitia kwa mwalimu wa densi. Uliza iwapo watoto hupimwa uzito mbele ya wenzao. Uliza wangapi walioingia wakiwa na umri wa mwanao bado wapo, na waliotoka walikwenda wapi. Shule njema haitaudhika kwa maswali hayo, na inayoudhika imekwisha kukujibu.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Ya mtoto, wala si ya mwalimu anayetaka nyota, au ya mzazi anayetaka picha ya kuwaonyesha jamaa. Kwa hivyo mwulize mtoto mwenyewe, na umwulize tena kila likizo. Mpe nafasi ya kusema ndiyo akiwa na miaka 11, labda akiwa na 12, na hapana akiwa na 13, bila kumkumbusha karo uliyolipa. Na kabla hajaondoka, hakikisha masomo yake mengine yanakwenda sambamba, ili siku akitaka kurudi akute kitanda chake kipo na darasa la kumpokea lipo.